Jina, Kielelezo na Mahali: Uhakiki wa Istilahi za Mimea ya Mwitu na Likeni, kwa Mifano ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Utangulizi

Makala hii inakusudia kuhakiki istilahi za Kiswahili zinazotumika katika kazi tatu zinazofuatana: kugundua mimea ya mwitu, kuiainisha, na kufuatilia sehemu inazoota. Pamoja na mimea tutaziangalia likeni, yaani vile viumbe vinavyotanda juu ya mawe na magome ya miti, ambavyo watu wengi huvihesabu kuwa mimea ingawa sivyo.

Mifano yetu tumeichukua katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma. Sababu za kuchagua sehemu hiyo ni mbili. Ya kwanza ni maumbile ya nchi yenyewe. Ufuko wa ziwa uko kwenye kimo cha mita zipatazo 500 kutoka usawa wa bahari, na kutoka hapo nchi inapanda upesi hadi kwenye milima ya Umatengo inayokaribia mita 2,000. Katika mwendo huo mfupi mtu hukuta miamba ya ufukweni, miombo, nyanda za majani za milimani, na mabaki ya misitu minene. Sababu ya pili ni lugha. Katika eneo hilo hilo husemwa Kimatengo, Kingoni, Kimanda, Kimpoto na Kinyasa, pamoja na Kiswahili. Na ng'ambo ya ziwa, Malawi, husemwa Chichewa. Mti mmoja, basi, huwa na majina mengi, na jina moja huweza kubeba miti kadhaa.

Hoja yetu ni hii: jina la mmea haliwi istilahi kwa kuandikwa tu katika orodha. Linakuwa istilahi pale linapofungamanishwa na mambo matatu, nayo ni kielelezo kilichohifadhiwa, cheo katika uainishaji, na mahali palipotajwa sawasawa. Likikosekana moja kati ya hayo, mfasiri hujaza pengo kwa kubahatisha, na mtumishi wa serikali anayeitegemea tafsiri hiyo hutoa kibali au huandika sheria ndogo juu ya kitu asichokijua.

Kazi zilizotangulia

Hatuanzi katika nyika tupu. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937, na toleo la pili likatoka mwaka 1940. Kamusi hiyo ililinganisha jina la Kiswahili na jina la kisayansi, na mpaka leo ni msingi wa orodha nyingi zilizofuata. Sifa yake kubwa ni kwamba kila jina la Kiswahili lilitafutiwa mmea halisi. Hata hivyo umbo la kamusi ya namna hiyo lina hatari yake. Msomaji anayeona neno upande huu na neno upande wa pili hudhani kwamba maneno hayo mawili yana mipaka sawa. Aghalabu hayana.

Baadaye ikaja kazi kubwa ya Flora ya Afrika ya Mashariki ya Kitropiki, iliyoongozwa kutoka bustani za Kew, Uingereza. Vitabu vyake vilitoka sehemu kwa sehemu kuanzia mwaka 1952 hadi mwaka 2012, na vinaeleza zaidi ya spishi 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Lugha yake ni Kiingereza, na majina yake ni ya Kilatini. Mwaka 1994 kilitoka kitabu cha miti na vichaka vyenye manufaa Tanzania, kilichoandikwa na Mbuya na wenzake, na mwaka 2002 kikafuata kile cha Ruffo na wenzake juu ya mimea ya mwitu inayoliwa. Vitabu hivi viwili vimepiga hatua ya maana sana kwetu: jina la kienyeji huandikwa pamoja na lugha yake. Lakini maelezo yake nayo ni ya Kiingereza, na mwalimu wa Mbinga anayetaka kueleza kwa Kiswahili namna mmea ulivyopatikana, ulivyopangwa na ulivyoenea hana budi kujitungia maneno njiani. Hapo ndipo makosa tunayoyahakiki yanapoanzia.

Kugundua

Katika tafsiri nyingi maneno kugundua na kuvumbua hutumiwa kana kwamba ni neno moja. Matumizi ya kila siku huyachanganya, lakini istilahi inataka mpaka. Twapendekeza kuvumbua kubaki kwa kitu kinachobuniwa na binadamu, kama vile chombo au mbinu, na kugundua kuwe kwa kitu kilichokuwapo ambacho hakikujulikana.

Hata tukikubaliana hivyo, swali linabaki: hakikujulikana kwa nani? Miaka ya 1955 na 1956 Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor wa Kew walikusanya maelfu ya vielelezo katika Wilaya ya Songea ya wakati ule, ambayo ilichukua pia milima ya Umatengo. Mkusanyo wao umetajwa tena na tena katika vitabu vya Flora. Mfasiri akiandika kwamba watu hao waligundua mimea ya Umatengo, atakuwa amesema jambo ambalo mkulima wa Litembo hawezi kulikubali. Mkulima wa huko hukata majani, huyapanga katika miraba, huyafukia kwa udongo unaochimbwa katikati ya mraba, kisha hupanda maharage au mahindi juu ya matuta hayo. Kilimo hicho cha mashimo, kiitwacho ngoro, hakiwezekani bila kuyajua majani: lipi huoza upesi, lipi huchipua tena na kusumbua.

Kwa hiyo kitendo ambacho mara nyingi huitwa ugunduzi ni vitendo vitatu. Kuna kuujua mmea, ambako ni kazi ya wenyeji wa miaka mingi. Kuna kukusanya kielelezo, yaani kukata tawi lenye maua au matunda, kulikausha na kulihifadhi pamoja na kibandiko chake. Na kuna kueleza spishi, yaani kutoa kwa maandishi maelezo rasmi na jina jipya kwa kufuata kanuni za kimataifa. Mmea ulioelezwa kwa mara ya kwanza uitwe mpya kwa sayansi. Kuuita mmea mpya, bila nyongeza hiyo, ni kusema kwamba ulizaliwa siku ile ulipokaushwa.

Neno kielelezo tunalitumia kwa makusudi badala ya sampuli. Sampuli ni sehemu ndogo inayowakilisha kitu kikubwa: sampuli ya damu, ya udongo, ya kahawa inayopelekwa kuonjwa. Tawi lililokaushwa na kuhifadhiwa hebariamu haliwakilishi wingi wa kitu. Linathibitisha kwamba mmea fulani ulikuwapo mahali fulani siku fulani. Na kile kielelezo kimoja ambacho jina la spishi limefungwa kwacho milele, twapendekeza kiitwe kielelezo cha jina.

Kuainisha

Maneno ya vyeo yamekwisha kuenea: ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Ngeli ina tatizo dogo, maana mwanafunzi huyohuyo hukutana nayo saa ya sarufi akifundishwa ngeli za nomino, lakini muktadha hutosha kutenganisha maana hizo mbili. Tatizo kubwa liko katika maneno aina na jamii, ambayo waandishi huyatumia kwa cheo chochote kile. Katika makala moja mtu husoma kwamba miombo ina aina nyingi, kwamba okidi ni aina ya maua, na kwamba mninga ni aina ya mti. Katika sentensi ya kwanza aina ni spishi, katika ya pili ni familia nzima, na katika ya tatu haina cheo chochote. Aina na jamii ni maneno mazuri ya mazungumzo, na hatuna nia ya kuyafukuza. Twasema tu kwamba yasitumike mahali panapohitaji cheo.

Tuchukue mfano wa mkusu. Mti huu wa miombo, wenye matunda matamu ya rangi ya kahawia, huitwa Uapaca kirkiana katika sayansi. Sehemu ya pili ya jina hilo ni kumbukumbu ya John Kirk, aliyefika Ziwa Nyasa pamoja na Livingstone mwaka 1859 na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar. Orodha za Kiswahili husema mkusu. Ng'ambo ya ziwa husemwa msuku, na matunda yake masuku, na watu wa kusini mwa Tanzania wanaotumia umbo hilo si wachache. Silabi zimepinduana, mti ni uleule. Mfasiri asiyejua huyaorodhesha maneno hayo kama miti miwili. Isitoshe jina la Kiingereza la mti huu huulinganisha na mlokwati, mti wa matunda uliotoka Asia ya Mashariki, na kwa sababu hiyo tumeona tafsiri inayouita mlokwati mwitu. Miti hiyo haina udugu wowote wa karibu: mmoja uko katika familia ya waridi, mwingine katika familia iliyo mbali kabisa. Jina la namna hiyo limetafsiri neno na kuupoteza mti.

Kivumishi mwitu chenyewe kinastahili kuangaliwa. Mgomba mwitu ni Ensete, mmea wa familia moja na mgomba wa shambani lakini wa jenasi nyingine. Hapo mwitu huonyesha udugu wa kweli. Katika mlokwati mwitu hauonyeshi udugu wowote. Kwa kuwa neno hilo halina maana moja katika uainishaji, lisitumike kubuni majina mapya. Yale yaliyokwisha kukaa katika vinywa vya watu yaachwe yalivyo.

Mfano wa mninga unafundisha jambo jingine. Mti huu, Pterocarpus angolensis, ni mlombwa kwa Chichewa, na mpasuaji mbao wa mwambao husikia majina yote mawili. Jina la kisayansi linataja Angola, wala mtu asidhani kwamba ndiko uliko mti wote. Jina la mahali ndani ya jina la spishi hueleza historia ya jina. Halielezi mipaka ya mmea. Tumewahi kuona tafsiri ikiuita mninga wa Angola, kana kwamba wa Mbinga ni mwingine.

Okidi: gharama ya jina lisilo na mipaka

Kama kuna mahali ambapo uzembe wa istilahi una gharama inayoonekana, ni katika viazi vya okidi. Nchini Zambia viazi hivyo hupondwa, huchanganywa na karanga, na kupikwa kuwa chakula kinachoitwa chikanda. Malawi huitwa chinaka. Utafiti wa Davenport na Ndangalasi uliotolewa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kila mwaka kutoka Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kwenda Zambia. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na okidi zake ni miongoni mwa sababu zilizotolewa.

Nyanda za majani za Umatengo ni za namna hiyohiyo, na jenasi zinazochimbwa, yaani Disa, Habenaria na Satyrium, zimo humo pia. Sasa na tutazame kazi ya ofisa anayetakiwa kuandika sheria ndogo ya kijiji, au kukagua gunia barabarani. Chikanda ni jina la chakula na la biashara. Linakusanya spishi nyingi za jenasi kadhaa: baadhi zimeenea nchi nyingi, nyingine hupatikana katika milima michache tu. Kiazi kikisha kuchimbwa hakina ua, na pasipo ua hata mtaalamu hupata shida kuzitenganisha. Sheria ikisema ni marufuku kuchimba chikanda, muuzaji atajibu kwamba mzigo wake ni chinaka. Ikisema ni marufuku kuchimba okidi, mkulima aliyezoea jina la kwao hatajua kwamba ndiye anayeambiwa. Na kibali cha kimataifa kikihitajika, jina linalotakiwa ni la spishi, kwa maana karibu okidi zote zimo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES wa mwaka 1973, na chache zimo katika cha Kwanza.

Dawa yake haiwezi kuwa kubuni jina moja la Kiswahili na kuliamuru litumike kote. Maandishi ya sheria yanapaswa kubeba majina ya tabaka tatu kwa pamoja: jina la kisayansi, ambalo ndilo nanga, jina la Kiswahili la kundi, yaani okidi, pamoja na maelezo ya sehemu inayozuiwa, yaani viazi, kisha majina yote ya kienyeji yanayosikika katika eneo linalohusika, kila moja na lugha yake. Sentensi itakuwa ndefu, lakini haitamwachia mtu mlango wa kupenya.

Kufuatilia mtawanyiko

Neno linalotumika zaidi kwa kuenea kwa mimea ni usambazaji. Hili twalikataa kwa sababu ya sarufi yake. Kusambaza ni kitendo cha kusababisha: kuna mtu anayesambaza na kitu kinachosambazwa. Serikali husambaza vitabu, mfanyabiashara husambaza sukari. Mmea ulioenea wenyewe umesambaa, au umetawanyika. Kosa hili si la kupuuzwa. Waraka unaotaka ramani ya usambazaji wa okidi huweza kusomwa kuwa unataka ramani ya njia za wafanyabiashara, na agizo la kudhibiti usambazaji halieleweki kama ni la kulinda mmea au la kuzuia lori. Twapendekeza mtawanyiko kwa hali ya mmea kupatikana sehemu mbalimbali, na usambaaji kwa mwendo wa kuenea kutoka sehemu moja hadi nyingine. Usambazaji ubaki kwa binadamu.

Mtawanyiko hujengwa kwa vibandiko vya vielelezo, na humo ndimo wafasiri wanapojikwaa kwa majina ya mahali. Vitabu vya Flora viliigawa Tanzania Bara katika kanda nane zilizopewa alama T1 hadi T8. Mbinga na mwambao wake zimo T8. Mara kadhaa alama hiyo imetafsiriwa kuwa Mkoa wa Ruvuma. Hilo ni kosa, kwa sababu T8 inafuata Jimbo la Kusini la zamani, kutoka Ziwa Nyasa hadi Bahari ya Hindi, umbali wa kilomita zipatazo 600. Mmea ulioandikiwa T8 tu huenda ukawa wa ufukweni Liuli au wa vichaka vya Kilwa. Alama kama hiyo inakiliwe ilivyo, na ifafanuliwe kwamba ni kanda ya Flora.

Majina ya wilaya nayo hubadilika. Kibandiko cha mwaka 1956 kinachosema Wilaya ya Songea, milima ya Umatengo, leo kinahusu Mbinga, au pengine Nyasa, wilaya iliyotengwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Liuli yenyewe wakati wa Wajerumani iliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba wake unaofanana na sanamu ya Misri. Mtu akiandika upya kibandiko kwa kuweka jina la leo mahali pa jina la zamani, anaharibu ushahidi. Jina la kibandiko libaki, na jina la leo liongezwe pembeni likiwa na alama ya kuonyesha kuwa ni nyongeza. Kanuni hii ina uzito zaidi sasa, kwa kuwa kumbukumbu za hebariamu nyingi huingizwa katika hazina za kompyuta kama GBIF, iliyoanzishwa mwaka 2001, na kosa moja husomwa dunia nzima.

Vilevile kuna tofauti kati ya kutoonekana na kutokuwapo. Ramani isiyo na nukta Mbinga haisemi kwamba mmea haupo Mbinga. Huenda hakuna aliyekwenda kuutafuta. Kiswahili kinatuwezesha kusema haujaandikiwa rekodi, na ndivyo inavyopasa kuandikwa. Neno haupo litumike pale tu palipotafutwa na pakakosekana.

Likeni

Likeni zimepata taabu kuliko mimea yote, kwa sababu hazina jina moja linalofahamika na wote. Tumezikuta zikiitwa kuvu, ukungu, mwani wa miti, na utando wa mawe. Kila jina limeshika upande mmoja. Likeni ni ushirika wa kuvu na mwani, au kuvu na bakteria wa kijani-buluu, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Jambo hilo lilidaiwa kwa mara ya kwanza na Simon Schwendener, Mswisi, katika miaka ya 1860. Kuziita kuvu ni kusahau mshirika mmoja, na kuziita mwani ni kumsahau mwingine.

Wapo wanaopendelea neno la kuunganisha, kuvumwani. Muundo wake ni wa Kiswahili na maana yake ni sahihi, lakini mwani kwa msomaji wa leo, hasa wa Zanzibar, ni zao la baharini linalolimwa na kuuzwa, na kuvumwani humpeleka kwenye ugonjwa wa zao hilo. Twaona likeni linafaa zaidi kama istilahi, kwa kuwa halina deni la maana ya awali.

Hata hivyo si kweli kwamba Kiswahili hakikuwa na neno lolote. Kamusi za zamani zimehifadhi neno marere, ambalo pengine huandikwa malele, kwa ile likeni ya pwani iliyokusanywa na kuuzwa ng'ambo katika karne ya 19 kwa ajili ya rangi ya zambarau. Neno hilo lisipanuliwe kubeba likeni zote. Libaki kwa jenasi yake, Roccella, kama mninga ulivyobaki kwa mti wake. Mfano huu unaonyesha kanuni ya jumla: watu walikipa jina kile walichokitumia, na sayansi inahitaji jina la vyote.

Kwa maumbo ya likeni maneno ya kawaida yanatosha. Ile iliyoshikana na jiwe kama rangi iliyopakwa, kama zilivyo nyingi katika miamba ya Mbamba Bay na Liuli, iitwe likeni ganda. Ile yenye mapande bapa yanayoinuka kingoni iitwe likeni jani. Ile inayosimama au kuning'inia kwa matawi, kama zile ndevu za kijivu katika miti ya milimani, iitwe likeni kichaka. Mgawanyo huu una kazi. Kitabu cha Swinscow na Krog cha mwaka 1988 juu ya likeni za Afrika ya Mashariki kinashughulikia likeni kubwa, hasa za jani na kichaka. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo atatafuta likeni ya mwamba wa Liuli humo, aikose, na kuhitimisha kwamba ni mpya.

Mchango wa lugha za wenyeji

Utaratibu uliozoeleka wa kutafuta istilahi hututaka tuanze na Kiswahili chenyewe, kisha lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kukopa mbali. Ndivyo tulivyopata ikulu na kitivo. Katika somo letu neno miombo, lililotoka Kinyamwezi, limekwisha kuingia katika sayansi ya dunia nzima. Ng'ambo ya ziwa neno la Chichewa, dambo, kwa bonde la majani lenye maji ya msimu, limefika mbali vilevile.

Umatengo nao una la kutoa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, waliofanya kazi huko katika miaka ya 1990, waliandika juu ya ntambo: sehemu ya mteremko wa mlima iliyopakana na vijito, inayomilikiwa na ukoo mmoja. Kwa mkusanyaji wa mimea, hilo ni pande la nchi lenye mipaka inayoonekana na lenye jina linalojulikana na wenyeji, jambo ambalo wilaya na kata hazimpi. Hatupendekezi ntambo liwe istilahi ya taifa. Twapendekeza liandikwe kwenye kibandiko pamoja na vipimo vya mahali, popote linapotumika. Tahadhari moja hapa: kwa mapokeo, jina Umatengo latokana na kitengo, yaani msitu mnene. Msomaji wa ofisini atakapoliona neno hilo atafikiria idara. Neno la lugha ya kienyeji likiingia katika maandishi ya Kiswahili lifafanuliwe mara ya kwanza linapotajwa.

Zana zipo. Häfliger alitoa msamiati wa Kimatengo mwaka 1909, na Nobuko Yoneda akatoa mwingine mwaka 2006. Lakini msamiati unaosema tu kwamba neno fulani ni aina ya mti hautufikishi mbali mpaka tawi la mti huo lipelekwe hebariamu, Arusha au Dar es Salaam, likiwa na neno hilo kwenye kibandiko chake.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza matumizi yafuatayo:

1. Kugundua: kupata kilichokuwapo bila kujulikana, mwandishi ataje hakikujulikana kwa nani.
2. Kueleza spishi: kutoa rasmi maelezo na jina la spishi iliyo mpya kwa sayansi.
3. Kielelezo: mmea au likeni iliyokaushwa na kuhifadhiwa pamoja na kibandiko.
4. Kielelezo cha jina: kielelezo ambacho jina la spishi limefungwa kwacho.
5. Kibandiko: maandishi ya kielelezo, yenye mahali, tarehe, mkusanyaji, na jina la kienyeji pamoja na lugha yake.
6. Mtawanyiko: hali ya spishi kupatikana sehemu mbalimbali.
7. Usambaaji: mwendo wa spishi kuenea.
8. Haujaandikiwa rekodi: hakuna kielelezo kinachojulikana kutoka mahali hapo.
9. Likeni ganda, likeni jani, likeni kichaka: maumbo matatu makuu ya likeni.

Wako watakaosema kwamba kazi kubwa zaidi ni kuzipatia spishi zote 12,000 majina ya Kiswahili. Sisi hatuoni faida ya kufanya hivyo. Majina yatakayobuniwa mezani hayatamsaidia mkulima, ambaye tayari ana lake, wala mtaalamu, ambaye ana la Kilatini. Lugha ya taifa inatakiwa kuwa daraja kati ya hao wawili: impe mkulima maneno ya kumwelewesha ofisa anachokijua juu ya mlima wake, na impe ofisa maneno ya kuandika sheria ambayo mkulima ataitambua.

Walimu walioko Mbinga, Liuli, Lituhi na kwingineko, pamoja na maofisa wa misitu, wanaweza kuanza bila kungojea kamusi mpya. Kila jina la mmea wanaloliandika na liambatane na lugha yake, kijiji lilikosikika, na tawi lililokaushwa kati ya karatasi za gazeti.